"Mimi niliumia nini?" Kisa cha mkimbiaji mpya na kilomita 10 za Januari

Jumapili ya mwisho ya Januari, saa 3 usiku, mwenzetu mmoja alijitoa kwenye kundi letu la WhatsApp. Hakuaga. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa amekimbia kilomita 10 kwa mara ya kwanza maishani mwake, kutoka Viwanja vya Farasi pale Oysterbay, kupita Daraja la Tanzanite, hadi Barabara ya Barack Obama na kurudi. Alitarajia kutumia dakika 80. Alitumia saa 1 na dakika 44.

Nakieleza kisa hiki kwa ruhusa yake, bila jina lake. Mimi ndiye ninayewapokea wanaoanza katika klabu yetu ya jogging huku Temeke, na kila mwaka naona watu wakija na raba mpya, wanakimbia miezi mitatu au minne, halafu inatokea siku moja mbaya, hawaonekani tena. Tumezoea kusema wamekata tamaa. Kisa hiki kilinifundisha kwamba neno hilo linaficha mengi, na mojawapo ya mengi hayo ni makosa yangu mwenyewe.

Alitujia Juni. Anauza vitenge Kariakoo, stoo yake iko ghorofa ya nne, na lifti ya jengo lile ina siku zake. Hakutaka medali wala kupungua kilo. Aliniambia, "Kaka, nataka nipande ngazi na robota langu bila kuhema mbele ya wateja." Wiki ya kwanza alikimbia dakika moja na kutembea mbili, akizunguka nje ya Uwanja wa Mkapa pamoja na sisi kila Jumamosi, na siku mbili katikati ya wiki peke yake mitaa ya Tandika. Agosti akakimbia kilomita 5 bila kusimama kwa dakika 38. Tulimpigia makofi pale pale getini, na kwenye supu siku hiyo alikuwa anacheka na kila mtu.

Zilikuwa siku za kusi. Anayekaa Dar anajua: Juni hadi Agosti alfajiri joto hushuka hadi nyuzi 19 au 20, hewa nyepesi, mtu unaweza kukimbia na fulana ikabaki nusu kavu. Tuliichukua ile 38 kama kipimo chake. Nilimwambia maneno ambayo leo ningeyarudisha kama ningeweza: "Anayeiweza tano, kumi anaiweza. Ni tano mara mbili tu." Akajiandikisha mbio za hisani za Januari.

Kati ya Agosti na Januari kuna Desemba, na Desemba Kariakoo hailali. Kuanzia katikati ya Novemba alikuwa anafunga duka saa 3 usiku. Mazoezi ya katikati ya wiki yalikufa kimyakimya, Jumamosi akawa anakuja mara moja, anakosa mara mbili. Mbio ndefu kuliko zote aliyowahi kuikimbia ilikuwa kilomita 6, na hiyo ilikuwa Oktoba. Mimi nilikuwa na daftari la mahudhurio. Nililiona pengo lile na sikusema kitu, kwa kuwa alikuwa na hamu na sikutaka kumvunja.

Sasa siku yenyewe. Jumamosi kulikuwa na singo, ile sherehe ya wanawake kabla ya harusi, ya binti wa shangazi yake kule Mbagala. Alisimama dukani mchana kutwa, akaenda singo, akacheza kama ilivyo haki ya mtu kwenye furaha ya ndugu yake, akalala saa 8 usiku. Saa 10 na nusu alfajiri akaamka, akapanda bajaji hadi Oysterbay akiwa amekunywa soda tu. Mbio zilipangwa kuanza saa 12 asubuhi. Mgeni rasmi akachelewa. Wakati tunamsubiri, kijana wa mazoezi jukwaani akatuchezesha aerobiki dakika 25 kwa muziki mkubwa, na wanaoanza ndio walioruka kuliko wote, maana ndio wenye shauku. Tuliondoka saa 1 na dakika 20. Jua la Januari saa hiyo si jua la asubuhi tena.

Kilomita ya kwanza aliikimbia kwa dakika 6 na sekunde 12. Kwa mtu ambaye kasi yake nzuri kabisa ya Agosti ilikuwa dakika 7 na nusu na kidogo kwa kilomita, hiyo ni kukopa, na deni lake halichelewi. Lakini ukiwa katikati ya watu mia kadhaa, fulana za rangi moja, ngoma nyuma yako, huisikii kasi. Miguu inafuata miguu. Daraja alilivuka akiwa na furaha. Aliniambia baadaye kwamba aliona bahari pande zote mbili akajisikia anaweza kila kitu. Akafika kwenye mivinje ya ufukweni, akapata kivuli, akageuza. Alipofika tena mguu wa daraja, karibu kilomita ya 7, mwili ukagoma.

Daraja la Tanzanite lina urefu wa kilomita 1 na mita zipatazo 30, na juu yake hakuna hata kivuli cha mti. Alisimama akashika reli. Moyo, kwa maneno yake, ulikuwa unapiga masikioni. Kichomi kikamshika ubavu wa kulia. Maji aliyakataa kwa kuhofia kichomi kizidi. Mtoto wa miaka kama kumi akampita. Akampita mzee mwenye mvi aliyemwambia kwa upole, "Mama, bado kidogo," na yeye alijua si kidogo. Kilomita tatu zilizobaki alizitembea karibu zote.

Alipofika, medali zilikuwa zimekwisha. Jukwaani wameshafika kwenye bahati nasibu. Nasi klabu tulikuwa tumeshapiga picha ya pamoja, tumeshaitupia kundini, na watu wameshaweka mioyo na makofi. Aliiona njiani kwenye bajaji, akatuhesabu. Mimi nimo katikati, nimeshika bango.

Hapo ndipo kisa kinapoanza kwa kweli, maana miguu ilipona kwa siku tatu.

Tulichofanya kwanza ndicho ambacho kila mtu hufanya. Tulimtumia maneno. Usikate tamaa dada. Mvumilivu hula mbivu. Kuna aliyemtumia kisa cha John Stephen Akhwari, Mtanzania aliyeanguka na kuumia goti kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akafungwa bandeji, akaendelea, akamaliza wa 57, wa mwisho kabisa, uwanja ukiwa umeshaanza kubaki mtupu. Hakuna kati yetu asiyekipenda kisa hicho. Yeye hakujibu ujumbe hata mmoja.

Siku ya kumi nikamfuata dukani. Alinipa kiti, akaniagizia chai, akaendelea kukunja vitenge. Tukaongea habari za watoto na bei ya mzigo. Nilipotaja mbio, alinyamaza kidogo, halafu akasema kitu ambacho sijakisahau: "Kaka, Akhwari aliumia goti. Mimi niliumia nini?"

Nilikuwa nimekwenda na hotuba ya kumtia moyo. Nikaiacha. Kwa sababu swali lake lilikuwa sahihi kuliko hotuba yangu. Mtu aliyeanguka ana goti la kuonyesha. Yeye hakuwa na kitu cha kuonyesha, kwa hiyo alibaki na maelezo mamoja tu: kwamba yeye mwenyewe ndiye kasoro. Ana miaka 37, amezoea kusimama dukani, pengine kukimbia si mambo yake, pengine ile Agosti ilikuwa bahati. Ukimwambia mtu wa namna hiyo "usikate tamaa", ni kama umekubali kwamba sababu ya kukata tamaa ipo, unachomwomba ni aifumbie macho.

Tukachukua kitabu chake cha risiti, tukageuza nyuma, tukaandika kila kitu kuanzia Alhamisi hadi Jumapili. Saa alizolala, alichokula, saa alizosimama, kilomita ya kwanza, jua. Halafu tukarudi nyuma hadi Novemba. Nusu saa baadaye ukurasa ulikuwa umejaa, na alikuwa ameacha kukunja vitenge.

Kubwa kuliko yote lilikuwa lile pengo la Novemba na Desemba. Alipeleka mwili wa Januari kwenye mbio akiwa na kumbukumbu za Agosti. Kilomita 10 kwa mtu aliyekuwa akikimbia mara moja kwa wiki, wiki nyingine hakimbii kabisa, si tano mara mbili. Kilomita ya nane haifanani na ya nne hata kidogo, na mwili usiowahi kufika huko haujui njia.

La pili ni joto, na hili nataka nikae nalo, kwa sababu sisi watu wa Dar tunalidharau. Tumezaliwa nalo, tunadhani halituhusu. Mwili unaokimbia hujipoza kwa jasho, lakini jasho lenyewe halipozi; kinachopoza ni kukauka kwake juu ya ngozi. Siku za kaskazi, Desemba hadi Machi, alfajiri yenyewe huamka na nyuzi 25 na hewa imejaa unyevu. Jasho linadondoka chini badala ya kukauka, kama nguo iliyoanikwa chumba kisicho na dirisha. Damu inakuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja: kulisha misuli ya miguu na kwenda kwenye ngozi kutoa joto. Moyo unalazimika kupiga haraka zaidi kwa kasi ileile. Nilimwonyesha saa yangu mwenyewe. Mzunguko uleule wa uwanja, mwendo uleule: Agosti moyo wangu ulikuwa 148 kwa dakika, Januari 163. Nami nakimbia mwaka wa tisa.

Alitazama zile namba kwa muda. Nikamwongezea ya Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni. Septemba 2025 alishinda marathoni ya mashindano ya dunia kule Tokyo, kwenye joto na unyevu, kwa saa 2 dakika 9 na sekunde 48. Desemba 2024 kule Valencia, kwenye hali ya hewa nzuri, alikuwa amekimbia 2:04:38. Zaidi ya dakika tano tofauti, na ile ya polepole ndiyo iliyompa ubingwa wa dunia. Kama angejipima kwa saa peke yake angesema Tokyo amerudi nyuma. Na kuhusu Akhwari, nilimwambia ile sehemu ambayo huwa tunairuka tunapomsimulia: jiji la Mexico liko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na miaka miwili baada ya siku ile alishika nafasi ya 5 kwenye marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh. Siku ya Mexico ilikuwa na sababu zake. Haikumweleza yeye ni nani.

Yaliyobaki nayataja haraka. Usingizi wa saa mbili na nusu. Soda badala ya uji au hata ndizi mbili saa moja kabla. Aerobiki ya dakika 25, ambayo kwa mtu wa kiwango chake ni mazoezi kamili ya siku. Kukataa maji. Na ile kilomita ya kwanza, ambayo peke yake ingetosha kumwangusha hata Agosti.

Palikuwa na jambo moja zaidi ambalo hakuniambia mimi, alimwambia mke wangu, kwamba hedhi yake ni nzito na ana wasiwasi kwamba damu imepungua. Wakaenda wote kituo cha afya kupima. Himoglobini, kipimo cha wingi wa damu, ikaja gramu 12.6 kwa desilita, na kwa mwanamke asiye mjamzito upungufu huhesabiwa kuanzia chini ya 12. Kwa hiyo damu ilikuwa salama. Nalitaja kwa sababu mwanamke anayechoka kupita kiasi akikimbia anastahili kipimo hicho kabla ya kuambiwa ajikaze, na katika klabu zetu wanaume ndio wengi wanaoongoza, hatuulizi.

Kabla sijaondoka dukani siku ile nikamuuliza habari za ngazi. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa habari za jirani aliyehama. Hakuwa amezifikiria tangu Septemba. Anazipanda na robota kila siku, anafika juu, anafungua kufuli, anaendelea na kazi. Lile lililomleta kwetu lilikuwa limeshatimia miezi mitano nyuma na hakuna aliyelisherehekea, mimi nikiwa wa kwanza, kwa kuwa nilikuwa nimeshamhamishia kwenye lengo jingine ambalo halikuwa lake.

Sikumwomba arudi. Nilimwambia tu kwamba Jumamosi tupo.

Hakuja Jumamosi hiyo wala iliyofuata. Katikati ya Februari Ramadhani ikaingia, nikajua basi, mwezi huu utamalizia kilichobaki. Nilikosea. Baada ya tarawehe alikuwa anarudi nyumbani kwa miguu na majirani wawili, na badala ya kupita njia ya mkato wakawa wanazunguka mtaa mzima, dakika 30 hadi 40, wakiongea. Hakuna aliyeyaita mazoezi. Baada ya Idi ni wale majirani waliomwambia, "Sasa tutembee saa ngapi?"

Hapo akanipigia. Akataka mpango, lakini kwa masharti yake, na masharti yake yalikuwa bora kuliko mipango yangu. Hataki kilomita, anataka dakika. Hataki kukimbia peke yake gizani. Saa 11 na nusu alfajiri Tandika kuna mbwa na kuna bodaboda wasiowasha taa, na mwanamke peke yake ana hofu nyingine pia, kwa hiyo wataondoka watatu. Na hataki saa mkononi. Nikamuuliza, bila saa utajuaje kwamba umezidisha kasi? Akasema mtaani kwao huwezi kumpita mtu mzima bila kumwamkia, basi salamu ndiyo itakuwa kipimo. Akiweza kusema "Shikamoo mama, umeamkaje, wazima wote?" mpaka mwisho bila kukata pumzi katikati, mwendo ni mzuri. Akiishia kwenye "shikamoo", apunguze. Nimefundisha wanaoanza kwa miaka, na sijawahi kupata kipimo kizuri kama hicho. Sasa nakitumia kwa wote.

Walianza na dakika 2 za kukimbia na 1 ya kutembea, mara nane. Mara tatu kwa wiki. Wiki tatu za mwanzo sikumwambia aongeze kitu, maana moyo na mapafu huzoea upesi kuliko kano na mifupa, na wengi wanaorudi kwa hasira huumia hapo hapo.

Aprili, katikati ya masika, alikuja Jumamosi kwa mara ya kwanza tangu Januari. Hakuja kujipima, lakini mtu mmoja alikuwa na saa, na mzunguko ni uleule. Dakika 41. Tatu zaidi ya Agosti. Nilimwona anaisikia ile namba na moyo wangu ukashuka, nikaanza kutafuta maneno. Akaniwahi. "Mvua ya usiku imeacha mvuke, unaona fulana yangu? Na jana nilifunga duka saa nne. Pia ile kona ya kwanza niliwafuata vijana." Alisema huku anafungua kamba za raba, kwa sauti ileile anayotumia kueleza kwa nini kitenge hiki kinachuja rangi na kile hakichuji. Halafu akauliza supu iko wapi.

Siku hiyo jioni aliomba kurudishwa kundini.

Klabuni tumebadilisha mambo mawili. La kwanza, hakuna picha ya pamoja mpaka wa mwisho afike, hata kama jua limewaka na watu wana haraka ya kurudi makwao. Wapo walionung'unika. Jumamosi moja ya Mei tulimsubiri kijana mmoja mpya dakika 22, na baadhi ya watu wakaondoka. Picha ya siku ile ina watu tisa tu. La pili, hakuna anayeandikishwa kilomita 10 kwa maneno yangu. Nafungua daftari la mahudhurio, tunalitazama wote wawili.

Sasa ni Juni, kusi imerudi, na alfajiri mtu unatamani kuvaa sweta hadi utakapopata joto. Kilomita 10 bado hajaikimbia tena. Nilimuuliza wiki iliyopita kama anafikiria zile za Agosti. Akasema atazitazama Julai, kwanza anataka kuona wiki sita bila pengo. Kile kitabu cha risiti bado kiko chini ya kaunta yake, na nyuma ya ule ukurasa wa Januari kuna kurasa nyingine sasa, kwa mwandiko wake mwenyewe: saa alizolala, hali ya hewa, na salamu ilifika mpaka neno gani.